Mkono Haukuwahi Kuharibika

Jumatatu, 2 Machi

Mvua imeanza. Nimehamia rasmi chumba cha nyuma kwa dada, maana bati za nyumba yangu ziliondoka na upepo na fundi amesema hapandi juu mpaka masika yaishe. Dada amefurahi. Mumewe, yaani shemeji yangu, amebeba masanduku yangu yote mwenyewe mpaka ndani na hakutaka kusaidiwa. Mtu akiwa mwema kiasi hicho huwa najiuliza anataka nini.

Mimi na yeye tunafanya kazi hospitali moja. Yeye ndiye mpiga eksirei, mkongwe wa chumba cha mashine ng'ambo ya ua. Mimi natunza mfumo wa picha. Akishapiga, picha inapita kwenye waya unaovuka ua, inaingia kwenye seva, inahifadhiwa kwenye hifadhidata, halafu daktari anaifungua kwenye kompyuta yake. Leo Mkuu wa kitengo chetu amenisifu mbele ya watu. Mwezi uliopita nilibadilisha draiva, kile kiprogramu kinachoipokea picha vipande vipande na kuiingiza kwenye hifadhidata, na sasa picha zinaingia mbio hadi madaktari wamesahau kulalamika. Nilijifanya sikusikia vizuri ili arudie.

Jumatano, 4 Machi

Mvua. Daktari wa picha amenipigia simu, mama mmoja asiyejua kusalimia anapokuwa na jambo. Picha ya kifua ya fundi cherehani fulani ina wingu la kijivu upande wa chini. Anataka kujua kama wingu ni la fundi au ni letu.

Nikapiga Mkono. Mkono umekuja mzima. Nimemwambia wingu si letu.

Niueleze Mkono, nisije nikasoma haya uzeeni nikadhani nilipigana na mtu. Siku mashine ya zamani ya kompyuta ilipowekwa, shemeji aliweka kiganja chake cha kushoto juu ya meza akajipiga picha, pete ikiwemo. Tangu hapo yeyote mwenye wasiwasi na mfumo huutuma ule mkono na kuufungua. Akiona vidole vitano na pete, anarudi kwenye chai yake. Ni picha ndogo, inafika kabla hujavuta kiti. Kitengo kizima tunauamini kuliko tunavyowaamini wakubwa wetu.

Alhamisi, 5 Machi

Jua. Hakuna tatizo.

Ijumaa, 6 Machi

Jua. Hakuna tatizo. Mezani shemeji ameuliza kama picha ya yule fundi cherehani ilitoka vizuri. Yeye amejuaje kwamba ilikuwa na shida? Dada anasema ameuliza kwa sababu ndiye aliyempiga. Huenda.

Jumatatu, 9 Machi

Mvua kubwa. Picha mbili mbovu, zote za kifua, zote upande wa chini. Nimepiga Mkono mara kadhaa, mzima kila mara.

Jirani yangu wa meza tunamwita Tulia, kwa sababu hata seva ingeshika moto neno lake la kwanza lingekuwa hilo.

"Tulia, dada yangu," akaniambia. "Hiyo itakuwa joto. Mashine ikichemka, inakosea."

"Joto gani la siku ya mvua?"

Akatulia mwenyewe.

Nikavuka ua kwenda chumba cha mashine. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Niligonga, nikangoja, nikagonga tena. Shemeji akafungua kidogo, akasimama katikati ya mlango. Alikuwa ameloa mabega na mikono ya shati, na yumo ndani ya nyumba.

"Mbona umejifungia?"

"Kuna mgonjwa, shemeji. Anavaa."

Nikachungulia juu ya bega lake. Sikuona mtu.

"Ametoka sasa hivi," akasema.

Chumba kile kina mlango mmoja, na mimi nilikuwa nimesimama mbele yake.

Jumanne, 10 Machi

Jua. Hakuna tatizo. Si bure.

Alhamisi, 12 Machi

Mvua. Leo daktari hakupiga simu, amekuja mwenyewe, na koti lake jeupe limelowa. Akaninyanyua kwenye kiti changu, akakaa yeye, akafungua picha. Ni yule yule fundi cherehani, amepigwa upya.

"Angalia juu," akasema. "Unaona nini?"

"Mbavu."

"Za nani?"

"Daktari, mimi ni mtu wa kompyuta."

"Hizi za juu ni za mtu mzima. Sasa shuka. Hizi za chini ni za mtoto. Huyu bwana alizaliwa hivi, au ni nyinyi mmemzaa upya?"

Sikucheka. Nilitazama orodha ya wagonjwa wa asubuhi: kabla ya fundi alipigwa mtoto aliyeanguka. Mashine inaweza kufifia, inaweza hata kuzima. Lakini kuchukua mbavu za mtu na kuzishonea kwa mwingine, hilo mimi nilijua ni kazi ya mikono ya binadamu. Na mwenye kukaa na picha zile kabla hazijanifikia ni mmoja tu.

Daktari aliposimama akaniambia jambo ambalo limenikaa rohoni mpaka sasa. Kwa sababu ya lile wingu la kwanza alimwambia fundi kwamba huenda ana maji kifuani. Fundi amefunga kiofisi chake, amewarudishia wateja vitambaa vyao, na ameanza kuwaaga ndugu zake.

Ijumaa, 13 Machi

Nimejaribu kumfikiria shemeji kama mtu baki. Mashine za kompyuta zilipoletwa mara ya kwanza alinung'unika wiki nzima. Alisema picha za filamu ulizishika mkononi, hizi za kompyuta zinakaa wapi hakuna anayejua. Pia kila jioni hufuta picha zote zilizobaki kwenye mashine yake. Kweli utaratibu ndivyo unavyosema, na utaratibu niliuandika mimi. Lakini anavyoutii ni kupita kiasi.

Usiku wa leo alinimenyea chungwa. Nililila huku nikimwekea jicho.

Jumatatu, 16 Machi

Mvua. Picha tatu. Saa ya mapumziko nilijibanza kwenye ngazi ya wodi ya watoto, ambapo ua wote unaonekana. Nikamwona shemeji anatoka nyuma ya chumba cha mashine, na pembeni yake fundi cherehani, aliyekonda hata suruali inampwaya. Wakanong'ona. Shemeji akampa kitu kilichokunjwa, fundi akakitia ndani ya koti, akaangalia kushoto na kulia kama mtu aliyeiba kuku.

Mgonjwa ambaye picha zake zimechezewa, na mtu anayepiga picha hizo, wananong'ona nyuma ya jengo. Hapo hata mtoto angeona kuna namna.

Jumanne, 17 Machi

Nimeandika ripoti kwa Mkuu. Sikulala nayo, niliiandika ofisini mchana kweupe na nikaisoma kwa sauti kwa Tulia. Nimesema mfumo umejaribiwa na ni mzima, uharibifu unatokea kabla picha haijafika kwetu, na "uzembe au hujuma katika chumba cha mashine haviwezi kupuuzwa". Sikutaja jina. Chumba kina mtu mmoja.

"Tulia kidogo na hilo neno hujuma," Tulia akasema.

Nikaliacha palepale lilipo. Lilikuwa limekaa vizuri.

Jumatano, 18 Machi

Mkuu amemwita shemeji, amempa barua. Ijumaa ya wiki ijayo atafika mbele ya kamati aeleze kwa nini asiachishwe kazi. Mpaka hapo aendelee kupiga picha, maana hakuna mwingine anayeijua mashine. Kwa hiyo tunamshuku na tunampelekea wagonjwa. Nimeona, sikusema.

Jioni alinikuta barazani nikikung'uta mwavuli.

"Habari za kazi, mtaalamu," akasema, akapita.

Mtaalamu. Tangu amuoe dada yangu sijawahi kuwa kitu kingine kwake ila shemeji.

Alhamisi, 19 Machi

Mvua. Picha mbili. Dada hajanisemesha asubuhi wala jioni.

Jumamosi, 21 Machi

Amenisemesha. Nilikuwa nafua, akaja akasimama juu yangu, mikono kiunoni, vile vile alivyokuwa akisimama nilipokuwa nimevunja sahani.

"Umemwandika mume wangu."

"Nimeandika tatizo, dada."

"Unalala kwake, unakula kwake, mashuka unayolalia kayanunua yeye. Kama una la kumuuliza, mbona hukumuuliza hapa, mezani, ukaenda kumwandikia Mkuu?"

"Nilimuuliza. Alinidanganya. Alisema kuna mgonjwa na hakukuwa na mgonjwa."

Dada akashusha mikono kiunoni. Nikaona naye hilo hakulijua, na kwamba limemuuma. Niliona vibaya, lakini kuna sehemu yangu nyingine ilifurahi, na sehemu hiyo siipendi.

"Yule mtu hajui kudanganya," akasema mwishowe. "Akikudanganya ujue kuna kitu anakibeba. Na akifukuzwa, mdogo wangu, mimi na wewe hatutakuwa na la kuzungumza tena. Pakaushe vizuri hapo mtaroni, sabuni inateleza."

Jumapili, 22 Machi

Mvua kutwa. Nimekula chumbani.

Jumatatu, 23 Machi

Jua. Hakuna tatizo.

Jumanne, 24 Machi

Mawingu tu. Hakuna tatizo. Nimeona aibu kujikuta naomba mvua inyeshe nimkamate kabla ya Ijumaa.

Jumatano, 25 Machi

Imenyesha kuanzia asubuhi, ile ya kupiga bati mpaka watu wanaongea kwa kupiga kelele. Nilichukua ufunguo wa akiba wa chumba cha mashine kwa mlinzi, nikavuka ua bila mwavuli ili nisionekane, nikafungua mlango ghafla.

Shemeji alikuwa juu ya kiti, amenyoosha mikono, anabana kona ya turubai kwenye dari. Turubai limeshonwa vizuri, lina vishikizo na mfuko katikati kama nguo ya mashine. Chini yake mashine ilikuwa kavu. Pembeni, ukutani, palipokuwa na kiungo cha waya unaokuja kwetu, maji yalichuruzika taratibu, na chini ya kiungo ilikaa ndoo.

Hakushuka. Alinitazama tu, maji yanamtiririka mkononi mpaka kwapani.

"Funga mlango, mtaalamu. Upepo unaingiza maji."

Nikafunga.

"Paa linavuja," nikasema, kama mtu aliyegundua kitu kikubwa.

"Linavuja tangu masika ya mwaka juzi."

"Si walisema limezibwa?"

"Walisema." Akashuka, akafuta kiti kwa mkono wa shati. "Mwaka juzi niliripoti. Mkuu akafunga chumba. Watu wakaambiwa warudi mvua zikiisha. Nani alikuwa kwenye foleni ile, unakumbuka?"

Nilikumbuka. Alikuwa mama yetu, mimi na dada. Alirudi mvua zilipoisha, na daktari aliposoma picha yake alivua miwani kwanza, ndipo akatuambia tumechelewa.

"Sikutaka mwingine aambiwe hivyo," shemeji akasema. "Basi nikanyamaza. Nikampa yule fundi kitambaa, na vipimo kwenye karatasi iliyokunjwa, akanishonea hili. Alisema kama anakufa, afe ameshona kitu cha maana. Nilimwambia hafi. Sina uhakika nilimwambia kweli."

Nilikaa chini, kwenye kiti cha wagonjwa. Nilitamani ardhi inimeze. Nikatazama ndoo. Ilikuwa imejaa karibu na ukingo, juu maji meupe, chini yamekaa rangi ya udongo.

"Imejaa leo hii?"

"Ya leo ni hayo ya juu. Chini ni ya Jumapili. Sikuimwaga. Nani atajua?"

Ya leo juu, ya zamani chini. Niliinuka nikaondoka bila kuaga. Atakuwa amenidhani nimekwenda kumshtaki kwa ndoo.

Alhamisi, 26 Machi

Naandika pole pole nielewe mwenyewe.

Picha ni kubwa, kwa hiyo husafiri vipande vipande. Draiva ina chombo kimoja cha kupokelea vipande. Ile ya zamani, kila kipande kilipofika, iliuliza: umekuja na kiasi gani? Kikiwa pungufu, ilisubiri kilichobaki. Ndiyo maana ilikuwa nzito. Hii mpya niliyoileta mimi haiulizi. Kipande kikija nusu, inachota chombo kizima na kukiingiza kwenye hifadhidata: cha mgonjwa huyu juu, na chini mabaki ya aliyemtangulia. Siku kavu vipande huja kamili, hakuna anayejua. Kiungo cha waya kikilowa, huja nusu nusu.

Na Mkono? Mkono ni mdogo, unaingia kwa kipande kimoja. Tena siku zote nimeutuma kutoka mezani kwangu, karibu na seva, pakavu. Ungeweza kuja mzima mpaka dunia iishe.

Waya unaruhusiwa kuchelewa. Draiva hairuhusiwi kuzua. Nimemshuku shemeji, nimemshuku fundi mgonjwa, nimelishuku hata chungwa, na kitu pekee ambacho sikukishuku ni kile nilichosifiwa.

Nimemweleza Tulia. Amesema, "Sasa hapo hata mimi sitatulia."

Ijumaa, 27 Machi

Jua. Jua kali, mbingu haina hata wingu la kuazima. Nilipoamka nikaliona, nilitaka kulia.

Kamati ilikuwa Mkuu, daktari, na mzee wa utawala. Niliomba wahamie chumba cha mashine. Mkuu akasema hii si maonyesho. Daktari akawa tayari ameshasimama.

Nikawaeleza. Mkuu akanisikiliza na uso mkavu.

"Yaani unataka niamini kwamba mvua inachanganya wagonjwa. Na leo hakuna mvua."

Hapo nilikwama. Sikuwa nimefikiria. Shemeji, ambaye alikuwa amesimama ukutani na barua yake mfukoni kama mtoto anayesubiri viboko, akainama. Akachovya tambara kwenye ndoo, maji yale yale ya Jumapili, akaenda kwenye kiungo cha waya.

"Niloweshe lini, shemeji?" akaniuliza. Nadhani hilo la shemeji lilimponyoka.

"Kwanza mkono wako. Mkubwa, kwa mashine mpya. Halafu mimi."

Akaweka kiganja cha kushoto, akajipiga. Kisha akalitundika tambara juu ya kiungo, nikasimama mimi, kifua kwenye ubao, ubaridi ukanipenya blauzi. Akaniambia nivute pumzi niishike. Nikasikia maji yanadondoka kwenye waya, tone baada ya tone, na mashine ikalia.

Daktari akafungua picha kwenye kompyuta ya pale. Ilishuka taratibu kutoka juu. Mabega yangu. Mbavu zangu. Moyo wangu, nusu. Halafu, badala ya mbavu za chini, vidole. Vidole virefu vya mkono wa kushoto vimelala ndani ya kifua changu, na kwenye kimoja pete, nyeupe pe, pete ambayo dada yangu alimvisha.

Daktari akasogeza uso karibu na kioo.

"Huyo bwana hana maji kifuani," daktari akasema hatimaye, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Nimemwambia anakufa kwa mbavu za mtu mwingine." Akatoka kwenda kumpigia fundi simu, na tulimsikia koridoni akisalimia.

Mkuu alikuwa bado anaitazama pete.

"Nani alileta draiva hii?"

Mzee wa utawala alimtazama Tulia aliyekuwa mlangoni. Tulia alitazama viatu vyake.

"Ni mimi, Mkuu," nikasema. Safari hii sikutaka arudie.

Jumamosi, 28 Machi

Barua ya shemeji imefutwa. Ya kwangu inaandikwa. Draiva ya zamani imerudi, nzito kama ilivyokuwa. Kila aliyepigwa siku ya mvua tangu niibadilishe anaitwa arudi, na simu hizo napiga mimi. Wengine wananitukana. Wengi wananishukuru, na hao ndio wanaonichosha.

Mkuu alitaka kufunga chumba mpaka mvua ziishe. Daktari akamwambia sawa, ila asimame yeye getini awaambie watu kwa mdomo wake. Chumba hakijafungwa. Fundi wa paa amekuja, na huyu amepanda.

Jumapili, 29 Machi

Dada alisikia habari yote. Akaja mlangoni mwangu, akaegemea.

"Kwa hiyo mkono wa mume wangu uko kifuani kwako, mbele ya kamati, na mnataka mimi nicheke."

Nikaendelea kukunja shuka.

"Njoo ule," akasema. Hajacheka. Lakini sahani yangu ilikuwa mezani.

Jumatatu, 6 Aprili

Fundi cherehani amepigwa tena. Ana kikohozi tu, cha vumbi la vitambaa. Amefungua kiofisi na anawatafuta wateja wake.

Shemeji amerudi kuniita mtaalamu. Ile siku ya kamati lilimponyoka kweli. Sijamuomba msamaha ipasavyo. Nimejaribu, lakini nikifungua mdomo ananipa kitu cha kushika, kikombe au taulo, na nafasi inapita.

Alhamisi, 9 Aprili

Mvua, kubwa kuliko zote za msimu huu. Mkono tumeustaafisha. Sasa tunajaribu kwa picha kubwa, tena kutoka chumba cha mashine, siku ya mvua, siyo mezani kwangu.

Adhuhuri simu yangu ikalia. Ujumbe kutoka ng'ambo ya ua: "Shemeji, nimekutumia ya bibi mmoja. Imefika nzima?"

Niliifungua. Ilichukua muda, ikishuka mstari kwa mstari, waya umelowa, draiva inauliza na kusubiri. Sikutazama juu nikaridhika kama zamani. Nilingoja mpaka ukingo wa chini kabisa. Kisha nikaifunga, nikaifungua upya, nikaitazama tena yote, na sikuwa namshuku yeye.

Nikamjibu: "Nzima, shemeji. Ni yake yote."